Thelathini na Nne

Chumvi ikikolea, ulimi unajua.
Chai ikikolea, jicho linajua.
Hii haina ladha, haina rangi, haina harufu;
inajikalia ndani ya maji
kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Mara ya kwanza Mahfuza alikuja na sanduku la vipimo
na makopo mawili, jekundu na kijani,
yakigongana miguuni pake kwenye riksho.
Uttar Baghmara, juti imeshavunwa,
mashina yamelowekwa madimbwini, yananuka.
Alijaza chupa hadi mstari. Unga wa kwanza, akatikisa.
Unga wa pili. Kisha zinki,
na upesi kifuniko chenye ukanda wa karatasi nyeupe.
Dakika ishirini.
Kuku walipita. Mtoto aliuliza kama ni dawa ya kikohozi.
Karatasi ikageuka manjano,
manjano ya bizari iliyofuliwa ikagoma kutoka.
Akailinganisha na kadi: si hii, si ile.
Chupa nyingine ikapelekwa mjini, kwenye mashine.

Leo, siku ya tisa, amerudi na jibu:
aseniki, mikrogramu thelathini na nne kwa lita.

“Thelathini na nne nini?” anauliza Shefali, mwenye kisima.
“Sehemu. Katika kila bilioni.”
“Bilioni ndiyo ngapi?”

Chuoni Mahfuza alifundishwa kuuandika ukolezi kwa njia nne,
kwa uzito, kwa ujazo, kwa sehemu, kwa moli,
na kuhama kutoka hii hadi ile bila kujikwaa.
Njia ya tano hakufundishwa,
ya kumwambia mtu aliyeketi barazani akichagua mchele.

Anautazama ungo.
“Chukua punje moja. Isage.
Itie kwenye mapipa manne ya mafuta, yale makubwa,
yaliyojaa maji pomoni. Ndiyo hiyo.”
Shefali anacheka. “Punje moja? Hata kifaranga hashibi.”
“Kwa siku unakunywa lita ngapi?”
“Kwa joto hili? Nne.”
Mahfuza anapiga hesabu nyuma ya fomu.
“Basi ni punje mbili kwa mwaka. Karibu.”

Kicheko kinakatika.
Pampu ilichimbwa mwaka aliozaliwa Tuhin,
na Tuhin ana ishirini na miwili, anashona mashati Gazipur.
Shefali haijui bilioni, lakini mbili anaijua.
Anazitenga kwa kidole, mbili, mbili, mbili,
hadi arubaini na nne zinalala kiganjani.
Si nyingi. Kiganja chenyewe
kina madoa anayoyafunika kwa ncha ya sari,
madoa kama matone ya kwanza ya mvua juu ya vumbi.

Fomu ina nafasi moja tu ya rangi.
Sheria ya nchi: hamsini, chini yake ni kijani.
Kitabu cha dunia: kumi, juu yake ni nyekundu.
Thelathini na nne imesimama katikati ya mto,
kila ukingo unaiita kwa jina tofauti.

Mahfuza ni mwajiriwa.
Anafungua kopo la kijani.
Brashi inaizunguka shingo ya pampu mara moja, mara mbili.
Kisha, kabla rangi haijakauka,
anachomoa ufunguo wa nyumba yake
na kuchora juu yake tarakimu mbili,
ambazo hakuna mahali kwenye fomu pa kuzieleza.

Shefali anazirudisha punje unguni;
mchele hautupwi.
Anaupachika mtungi kiunoni,
anaipita pampu yake inayong’aa,
anashika njia ya shuleni
penye kisima kirefu,
na foleni.